Guta, kirikuu au Canter? Tathmini ya usafiri wa kuhamisha vyombo Dodoma

Kwa familia ya chumba, sebule na jiko inayohama ndani ya mji, tuseme kutoka Chang'ombe kwenda Kisasa au kutoka Makole kwenda Ipagala, gari la kukodi ni kirikuu, yaani pikapu ndogo ya mizigo, na tripu mbili zinatosha ukipanga vizuri. Ukihama kwenda mbali, Ihumwa, Mtumba, Nala au Msalato, achana na kirikuu uchukue Canter, lori dogo, hata kama bei yake ya kwanza inashtua. Guta la injini, ile pikipiki ya mizigo ya tairi tatu, ni la mwanafunzi au kijana wa chumba kimoja asiye na friji. Huo ndio msimamo wetu, na zifuatazo ni sababu zake, vipimo, na mahali ambapo kila chombo kinakuponza.

Tuanze na hela. Bei za kukodi hubadilika na mafuta, na msimu, na hata uso wa mteja, kwa hiyo shilingi zitakazoandikwa leo zitakudanganya kesho. Lita hazidanganyi. Kirikuu ya petroli iliyotunzwa, ikiwa na mzigo, inakwenda kilomita 12 hivi kwa lita. Canter ya dizeli inakwenda kama 7. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ya Dodoma imo kwenye tangazo, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kupiga hesabu kabla hajapiga simu.

Chukua safari ya kilomita 20, kama ya mtu anayetoka upande wa magharibi wa mji kwenda Mtumba. Vyombo vya familia vikihitaji tripu tatu za kirikuu, gari litakwenda na kurudi mara tatu: kilomita 120, lita 10 za petroli. Canter itakwenda mara moja na kurudi: kilomita 40, haifiki lita 6. Ongeza muda. Kupakia saa moja, njiani karibu saa nzima kwa kwenda na kurudi, kushusha nusu saa. Kwa tripu tatu hizo ni saa saba na nusu, karibu kutwa nzima. Sasa geuza: safari ya kilomita 4 ndani ya mji, tripu mbili za kirikuu ni kilomita 16, lita moja na kitu. Hapo mafuta si gharama tena. Unalipia muda wa dereva, na muda wa dereva wa kirikuu ni nafuu kuliko wa Canter. Ndiyo maana jibu hubadilika kadiri umbali unavyokua. Na ukijua kwamba safari yote haimalizi lita mbili, hutaamini dereva anayelalamikia bei ya petroli.

Kirikuu: ipime kwa futi

Kirikuu nyingi za hapa ni Suzuki Carry. Bodi yake ina urefu wa sentimita 194, upana wa sentimita 141, na mbao za pembeni zina kimo cha futi moja hivi. Kwa lugha ya seremala ni futi sita na inchi nne kwa futi nne na inchi saba. Weka namba hizi kichwani, kwa sababu kitanda kinachouzwa sana Dodoma ni sita kwa sita, yaani sentimita 183 kwa 183, na hakilali humo. Hata tano kwa sita, chenye upana wa sentimita 152, hakiingii kikiwa kimelala katikati ya mbao. Kinachoingia kikiwa kimelala ni nne kwa sita.

Kwa hiyo kitanda kifunguliwe jioni ya kabla ya siku ya kuhama, wala si asubuhi dereva akiwa anasubiri. Boliti nyingi za vitanda vya mninga na mkongo ni za spana namba 13. Vitanda vya chuma mara nyingi hutaka namba 10 au 13. Beba zote mbili, na bisibisi ya nyota kwa vipande vidogo. Boliti zikitoka, zirudishe kwenye matundu yake na kuzikaza kwa mkono, au zitie kwenye mfuko mmoja na kuufunga kwenye ubao wa kichwani kwa solotepu. Mfuko ukiingia kwenye boksi la vyombo vya jikoni, familia italala chini usiku wa kwanza. Chukua maka peni uandike A kwenye kona ya mbao na A kwenye nguzo inayokutana nayo, B kwa B, na kuendelea. Matundu ya seremala wa mtaani hayalingani pande zote, na ubao uliogeuzwa hauingii boliti hata upige nyundo.

Kisha pima ubao wa kichwani pamoja na nguzo zake. Wa sita kwa sita hufika sentimita 190 na wakati mwingine huvuka. Ukizidi 194, mlango wa nyuma wa bodi hautafunga, na mzigo wote utategemea kamba. Inawezekana, lakini dereva ajue mapema aje na kamba za kutosha.

La pili ni uzito. Kiwandani kirikuu ilitengenezwa kubeba kilo 350. Tazama zinavyokwisha: friji ya milango miwili kilo 55 hivi, jiko la gesi lenye oveni 45, mtungi wa kilo 15 uliojaa ni karibu 30 ukihesabu na chuma chake, na gunia la mahindi ambalo familia nyingi za huku huwa nalo ndani, 100. Hapo umeshatumia 230 na hujaweka kitanda wala kochi. Madereva watakuambia gari linabeba hata kilo 700. Litabeba, ndiyo, likiwa limekalia matako kama chura, springi zimenyooka, breki zinachelewa kushika, na tairi la nyuma linasubiri jiwe la kwanza. Pancha ikitokea na mzigo uko juu, mnashusha nusu ya vyombo kando ya barabara ndipo jeki ifanye kazi. Nafaka na vitabu, ambavyo ni vizito kwa udogo wake, vigawe tripu zote mbili.

Sifa kubwa ya kirikuu ni kimo cha bodi, sentimita 65 hivi kutoka ardhini. Watu wawili wanapandisha friji bila kuiinamisha. Inageuza kwenye uwanja mdogo, inapita kwenye vichochoro vya Majengo na Chang'ombe, na ikikwama mchangani watu wanne wanaisukuma. Kasoro yake ni upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba Dodoma huvuma upepo mkavu wenye vumbi, na godoro lililolazwa juu ya mzigo wa kirikuu kwenye barabara ya Dar es Salaam linageuka tanga. Godoro lisimamishwe kwa ubavu katikati ya mzigo, lisilazwe juu.

Kabla ya kukubaliana, zunguka gari kwa dakika mbili. Tairi zina meno? Spea ipo, na ina upepo? Turubai lipo kweli, au ni kipande kilichotoboka? Kuna kamba za manila na mipira ya kufungia? Leseni ya kubeba mizigo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ipo? Bila hiyo, trafiki akisimamisha gari, anayesubiri juani ni wewe na vyombo vyako. Ujue pia kwamba bima ndogo, ambayo ndiyo waliyo nayo wengi, hailipi vyombo vyako vikivunjika. Kitu kisichovumilia kuvunjika kibebe mkononi.

Namna ya kuongea na dereva

Fedha nyingi hupotea kwenye simu ya kwanza. Mteja anauliza, "Kaka, mpaka Nkuhungu shilingi ngapi?" Dereva anataja bei akiwaza mzigo mdogo, akifika anakuta makochi na friji, na hapo mabishano yanaanza vyombo vikiwa vimeshatolewa nje. Sema yote kwa mara moja, hivi: "Kaka, nahama kutoka Area A kwenda Nkuhungu. Nina kitanda sita kwa sita kimeshafunguliwa, friji ya milango miwili, makochi ya watu watano, kabati moja la nguo na maboksi kama kumi na tano. Gari linafika mlangoni huku. Kule ni hatua hamsini kutoka barabarani. Nataka tripu mbili. Bei yako ni pamoja na kupakia na kushusha, au gari tupu?" Dereva mzoefu atakuuliza swali moja au mawili na kukupa bei isiyobadilika. Asiyeuliza kitu na kujibu tu "njoo tutaelewana, bosi", mwache.

Maneno "kupakia na kushusha" ndiyo yenye pesa. Bei ya gari tupu huonekana ndogo, kisha vijana watatu wanadai chao huku, na wengine wanadai chao kule. Patana na vijana walewale kwa pande zote mbili, wapande na gari kwa utaratibu salama. Kukaa juu ya mzigo ni hatari na ni kosa barabarani. Vijana wawili wenye nguvu wanatosha kwa kirikuu. Canter inataka wanne. Malipo yawe nusu mzigo ukishapakiwa na nusu ukishaingia ndani ya nyumba, si ukishafika getini.

Kupakia, na habari ya friji

Vizito na vilivyo wima viende mbele, vikiegemea kichwa cha gari: friji, kabati, jiko. Ubao wa kichwani na wa miguuni wa kitanda visimame kwa urefu pembeni, godoro likae kati ya ubao na friji, likinge vyote viwili. Makochi yaje nyuma; kochi moja likipinduliwa juu ya lingine, mikono ikiangaliana, yanachukua nafasi ya kochi moja na nusu. Maboksi yajaze mapengo. Ndoo, masufuria makubwa na mabeseni viwekwe nguo na mashuka ndani, visisafirishe hewa. Funga kamba kwa kuvuka mara mbili kama herufi X, na weka kipande cha godoro kuukuu au zulia pale kamba inapogusa kona ya kabati, maana msuguano wa kilomita tano kwenye barabara ya vumbi unakwangua vanishi mpaka mbao nyeupe.

Friji ndiyo inayoharibika zaidi, na mara nyingi haiharibiki njiani. Inaharibika mtu anapoichomeka mapema. Ndani ya kompresa kuna oili. Friji ikilazwa, oili inatiririka na kuingia kwenye mabomba ya gesi. Ukiwasha kabla haijarudi, kompresa inasukuma oili badala ya gesi, na inazunguka bila vilainishi. Inaunguruma kwa nguvu, inapata joto, na fundi atakuambia mashine imekufa. Izime siku moja kabla, barafu iyeyuke yote, ifutwe, milango ifungwe kwa solotepu au kamba laini. Isafiri ikiwa imesimama. Ikifika wima, iache saa tatu au nne kabla ya kuichomeka. Ikiwa ililazwa, hata kwa nusu saa, ngoja mpaka kesho saa kama hiyo. Vijana wakisema "inamishe tu bosi, ni dakika kumi", kataa.

Televisheni bapa nayo isisafiri imelala: kioo chake hakina mgongo wa kukishikilia, na tuta moja linatosha. Ivingirishe kwa blanketi, isimame kati ya magodoro au ipakatwe na mtu ndani ya kichwa cha gari. Mtungi wa gesi ufungwe valvu, regyuleta itolewe, usimame wima nyuma kwenye hewa, usiingie kamwe kwenye kichwa cha gari na watu. Simtanki la lita 1,000 litolewe maji yote siku iliyotangulia. Maji hayo peke yake ni tani moja, na hata robo iliyobaki chini ni kilo 250.

Kabati na meza za mbao za kubandika, zile za unga wa mbao zenye ngozi ya rangi, zifikirie mara mbili kabla ya kuzifungua. Skrubu yake ikitoka mara moja hurudi. Mara ya pili tundu limeshalegea na kabati linayumba. Likipita mlangoni zima, lipite zima, droo zikiwa zimetolewa. Mninga haudhuriki na kufunguliwa.

Canter: ghali kuanza, nafuu kumaliza

Canter fupi ina bodi ya mita 3 hivi, yaani futi kumi. Ndefu inapita mita 4. Inabeba tani mbili na zaidi bila kuhema. Nyumba ya vyumba viwili na sebule inaingia yote kwa tripu moja, kitanda kikiwa na ubao wake bila wasiwasi, na mzigo ukifungwa kwa turubai moja kubwa, vumbi haliingii sana. Kwa Ihumwa na Mtumba hatuoni sababu ya kuchukua kitu kingine. Majirani wawili wanaohamia upande mmoja wakichangia Canter moja, kila mmoja analipa karibu na bei ya kirikuu.

Lakini bodi yake iko juu, karibu na kifua cha mtu, na friji ikipandishwa na watu wawili tu lazima itainamishwa. Na Canter huishia pale barabara inapoishia. Mitaa mipya ya Dodoma imepimwa vizuri kwenye ramani, ila njia nyingi za ndani bado ni udongo, na korongo lililochimbwa na mvua za mwaka jana linaweza kukata barabara mita mia mbili kabla ya geti lako. Tembea njia hiyo kwa miguu siku mbili kabla, ukiangalia mambo matatu: mahali pembamba kabisa, tawi au waya wa chini kabisa, na mahali gari litakapogeuzia. Vijana wakilazimika kubeba vyombo mita mia mbili, hela uliyookoa kwenye mafuta inarudi kwao, na ni haki yao.

Kwa anayekuja Dodoma kutoka Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 450, tafuta gari linalorudi tupu. Dereva anayerudi nyumbani ataona pesa yoyote ni afadhali. Elewana mapema nani anashughulika na mizani njiani. Familia isibanane na mzigo: tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma.

Guta

Guta la injini tunalipa nafasi ndogo. Linaingia popote, linapatikana kila kona, na kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwenye godoro, begi, meza na jiko la gesi dogo, halina mpinzani kwa bei. Ila springi zake ni ngumu na sahani hazifiki salama bila kufungwa moja moja kwa gazeti. Likikata kona na mzigo mrefu linapinduka, kwa kuwa mbele lina tairi moja. Usilitume barabara kuu kuelekea Ihumwa. Mabasi na malori ya pale hayaoni kitu kinachotembea pole.

Siku na saa

Mwisho wa mwezi na Jumamosi ndiyo siku ambazo kila mtu anahama, na madereva wanajua. Jumanne au Jumatano ya katikati ya mwezi utapata gari zuri na dereva asiye na haraka. Anzeni saa 12 asubuhi. Desemba hadi Aprili mvua za Dodoma hupenda kunyesha mchana na jioni, na kwenye udongo mweusi wa mbuga kirikuu tupu inateleza, sembuse yenye mzigo. Usihame usiku. Gari lenye vyombo saa 4 usiku linasimamishwa, na barua fupi ya ofisi ya serikali ya mtaa unaotoka inakuokolea maelezo mengi hata mchana.

Vifungashio visikugharimu. Maboksi yaombe wiki moja kabla kwenye maduka ya jumla kuzunguka soko la Majengo. Ya sabuni na ya mafuta ya kula ni magumu kuliko ya biskuti. Nguo ziingie kwenye mifuko ya shangazi kaja na viroba. Khanga na taulo zivingirishe sahani, na sahani zisimame kwa ubavu ndani ya boksi, zisilale zikilaliana. Zikisimama zinastahimili mshtuko.

Umeme wa LUKU hubaki kwenye mita ya nyumba, hauhami nawe, kwa hiyo wiki ya mwisho nunua kidogo kidogo. Piga picha mita ya maji ya DUWASA huku na kule siku ileile, ankara ya mwezi ikija usilipie matumizi ya mwingine. Na beba madumu matatu ya maji ya lita 20, yaingie tripu ya mwisho: nyumba mpya inaweza kukupokea siku ya mgao, na baada ya vumbi la kutwa nzima kila mtu atataka kuoga.

Mkishusha, kitanda kiingie kwanza na kifungwe kwanza, kabla watu hawajachoka. Jiko likiunganishwa, paka povu la sabuni kwenye regyuleta na maungio ya mpira wa gesi, fungua valvu, tazama. Mapovu yakivimba, funga, kagua kiraba cha ndani ya regyuleta, kaza upya, paka tena. Yasipovimba, chai inaweza kubandikwa; friji iendelee kusubiri.